Jamaldini Hapitwi

Kikao cha kumwacha Jamaldini kilifanyika Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa shemegi yake Othman, na kahawa ya kikao hicho aliipika mke wa Jamaldini mwenyewe. Hafidha hakuwa na habari. Kaka yake alimwambia kwenye simu kwamba anakuja na wageni, mkewe yuko Nizwa kwa mamake, halwa ipo lakini hakuna mtu wa kuitia kwenye sahani. Hafidha akavaa abaya yake akaja. Wanaume wa huku Mudhaibi, Oman, wanaweza kuendesha timu, ofisi na mashamba ya mitende, lakini sahani ya halwa inawashinda, na yeye alikwisha kuacha kuuliza kwa nini.

Jiko la Othman limepakana na majlisi, sebule ya wageni wa kiume, na baina yao pana mlango ambao haujapata kufungika sawasawa tangu nyumba ijengwe. Hafidha alikuwa anamimina kahawa kwenye dele aliposikia jina la mumewe.

"Msimu huu Jamaldini hatumsajili," alisema Ishak, kocha wa timu. "Nimemaliza."

"Hujamaliza kitu," alijibu Khalifa. Huyu Khalifa ndiye mlezi wa timu, mzee ambaye hajapiga mpira hata siku moja na hajakosa mechi hata moja. "Msimu uliopita nani alimpita Jamaldini? Nitajie mshambuliaji mmoja tu."

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi hawampiti kwa sababu anawajulia hali!"

Hafidha akaliweka dele chini polepole, akausogelea mlango.

"Mwaka jana, mechi na watu wa Ibra," Ishak aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelibeba jambo hili muda mrefu. "Yazeed kauchukua mpira katikati, kaja mbio, mbele yake hapana mtu ila Jamaldini na kipa. Jamaldini kafanya nini? Kasimama, mikono nyuma. 'Ee Yazeed, ndiyo huamkii siku hizi?' Mtoto kafunga breki. Shikamoo mjomba. Marahaba, mama hajambo? Hajambo. Na bibi yako, lile goti lake? Walipofika kwenye goti la bibi, sisi tushauchukua mpira tuko upande wa pili."

"Goli halikuingia," alisema Khalifa.

"Halikuingia, lakini huyo si beki, yakhe. Huyo ni mjomba."

Hafidha alitaka kucheka akajizuia. Kila neno lilikuwa kweli, na yeye aliyajua hayo kabla ya kocha. Vijana wote wanaocheza mpira upande huu wa Sharqiyah, wale ambao babu zao walirudi kutoka Unguja, wamelelewa kwa fimbo ile ile: mkubwa akikusemesha, unasimama. Jamaldini alipozidiwa mbio na watoto hawa aligundua kwamba hana haja ya mbio, na tangu hapo akawa anakaba kwa adabu zao. Mashabiki wakimwona amesimama mbele ya lango mikono nyuma, wanaimba: Jamaldini hapitwi! Jamaldini hapitwi!

"Sasa nisikilizeni," hii ilikuwa sauti ya Othman, mwenyekiti, ambaye mpaka hapo alikuwa akila tende. "Mwaka huu tumepanda daraja. Tutacheza na Sur. Tutacheza na Jalan Bani Bu Hassan. Watoto wa Jalan wanamjua Jamaldini?"

"Hawamjui," alisema Ishak.

"Wana shikamoo?"

"Hawana."

Khalifa alishusha pumzi ndefu. "Hapo pana neno," alikiri.

"Na juu ya hayo anaswali kwenye kiti," Ishak akaongeza. "Imamu kaniuliza mimi, hakumuuliza yeye. Kasema, mtu huyu rakaa nne hawezi kusimama, dakika tisini anazisimamaje? Nikamjibu nini?"

Hafidha aliugonga ubao wa mlango kwa kucha. Othman akaja kupokea sinia, akamwona dada yake alivyokunja uso, akaelewa.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Basi alhamdulillahi," alisema Othman, na akaonekana kupumua kweli. "Tulikuwa hatujui nani atamwambia. Utamwambia wewe."

"Mimi? Ile ni timu yangu?"

"Yule ni mume wako."

"Wewe ndiye mwenyekiti, kaka."

"Mimi ni shemegi yake. Nikimwambia mimi atanuna miaka kumi. Ukimwambia wewe atanuna siku mbili, ya tatu atataka kula." Akalichukua sinia. "Hii halwa mbona kidogo?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Hafidha alitamani kaka yake asakamwe na tende, si mpaka afe, bali akohoe kidogo tu.

*

Mtu asije akadhani kwamba Hafidha alikuwa anapenda mumewe aendelee kucheza. Kila usiku wa mechi alilisugua lile goti kwa mafuta ya habasoda, na kila asubuhi alimwona akishuka ngazi kwa upande, ameshika ukuta. Alimnunulia dawa ya kupaka mvi, akajifanya hajui kwamba anaipaka. Lakini alikuwa na sababu zake za kuogopa.

Majira ya baridi yaliyopita goti lilivimba, na Jamaldini akakaa nyumbani alasiri za wiki mbili. Siku ya kwanza alipanga upya makopo ya bizari, marefu nyuma, mafupi mbele. Siku ya pili alisimama jikoni akamweleza Hafidha kwamba anaacha nafasi kubwa baina ya jiko na friji, na mtu yeyote angeweza kupita. Bi Shadya, mamake Jamaldini, ambaye huisikiliza redio akiwa kwenye kiti kimoja tangu alfajiri mpaka isha, alihamishwa mara tatu kwa ajili ya hewa. Hayo Hafidha aliyastahimili. Alichoshindwa kukistahimili ni kile alichokiona baadaye, alipotoka kuanika nguo akamkuta mumewe amekaa ndani ya gari uani, gari imezimwa, vioo vimepandishwa, anatazama ukuta. Hakuwa anakwenda popote. Hafidha alirudi ndani na nguo zake mbichi, akalia kidogo, kisha akatoka kuzianika.

Kazini Jamaldini ni mtu wa stoo. Anafungua mlango asubuhi, anaufunga saa nane, na wakubwa wake ni vijana wanaomwita kwa kumpungia mkono. Timu ya mtaa haimlipi hata baisa, inampa fulana na petroli ya safari. Lakini alasiri akiingia uwanjani watu huimba jina lake, na hilo jina ndilo analorudi nalo nyumbani. Hafidha alijiuliza, siku wakimwacha, atarudi na nini?

Basi usiku ule wa kikao akakaa chini na chupa ya mafuta, akalishika goti, akaanza.

"Jamaldini. Kuna jambo."

"Najua."

Mkono wa Hafidha ukasimama. "Unajua nini?"

"Othman hajanipigia simu ya usajili. Wenzangu wote wameshapigiwa." Jamaldini aliegemea mto, mikono nyuma ya kichwa. "Maana yake anataka kuja mwenyewe. Nadhani wananipa ukapteni."

"Ni haki yake," alisema Bi Shadya kutoka kwenye kiti chake, redio sikioni. "Mwanangu ana kifua cha mvulana."

"Na magoti je, mama?" aliuliza Hafidha.

"Hayo karithi kwa babake. Babake alizaliwa nayo vivyo hivyo. Usiyatie umri."

Binti yao Dalal, ambaye mwaka huu anamaliza skuli, aliinua macho kutoka kwenye simu. Kiswahili cha Dalal ni cha watoto wa huku, amekiokota mezani, nusu kimeangukia njiani. "Baba, kwenye group wanasema timu inataka beki mpya. Yule Zuhair wa Dima wa Tayyin. Wallah, miguu yake mrefu hivi."

"Vizuri," alisema Jamaldini. "Nitamfundisha."

Alilisema hilo kwa furaha, akamtazama mkewe akatabasamu. Hafidha akalisugua goti. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, akalimeza, akaomba Mungu amsamehe kaka yake kwa yale anayomtakia.

Kesho yake alimpigia Othman. "Nimeshindwa. Yeye anatangaza kwamba mnampa ukapteni."

"Hata sisi," alisema Othman. "Lakini tumepata njia. Alkhamisi tuna mechi ya kirafiki na Jalan, hapa hapa kwetu. Wana kijana mmoja, Firas, hakamatiki. Tutampanga Jamaldini dakika zote amkabe yeye. Uwanja wenyewe utamwambia."

"Watu wazima watatu, mnamsubiri mtoto wa Jalan awasemee."

"Ndiyo, dada," alisema Othman kwa unyenyekevu. "Hivyo hivyo."

*

Alkhamisi Hafidha alikwenda uwanjani. Alimpakia Bi Shadya mbele na chupa ya chai, Dalal nyuma, akaiegesha gari nyuma ya lango pamoja na magari mengine ya wanawake, maana wanawake wa huku hutazama mpira kutoka kwenye magari, kioo kimeshushwa nusu na kisosi cha mbegu juu ya dashibodi. Lango la timu yao lilikuwa hatua chache tu mbele yao. Wangesikia hata mtu akipiga chafya.

Jamaldini aliingia amepaka mvi zake, fulana ndani ya bukta. Mashabiki wakaanza kuimba. Akainua mkono mmoja, wa kutosha, si zaidi.

Mpira wa kwanza uliomfikia Firas ulikuwa mrefu, kutoka nyuma. Kijana huyo alikuwa mwembamba, mweusi kwa jua, na alikimbia bila ya kuonyesha kwamba anajitahidi. Jamaldini alisimama njiani, mikono nyuma, akamtolea sauti kwa Kiarabu, ile sauti ya mwenye nyumba.

"Salamu alaykum! Wewe mtoto wa nani?"

"Alaykum salaam warahmatullah!" alijibu Firas, salamu yote, haikupungua herufi. "Mtoto wa Tamim!" Na lile jina la babake lilipofika masikioni mwa Jamaldini, Firas mwenyewe alikuwa tayari nyuma yake, na mpira wavuni.

"Kampita," alisema Dalal.

"Hajampita," alisema Bi Shadya. "Kazunguka."

Dakika kumi baadaye Firas akazunguka tena, safari hii kwa upande wa pili, na akaomba radhi kwa bega alilomgusa. Nyimbo zikakatika. Mtu mmoja upande wa mashabiki wa Jalan, mwenye kofia ya njano, akaanza kuimba kwa dhihaka: Jamaldini kapitwa! Wenzake wakamfuata. Hafidha alipandisha kioo, kisha akakishusha, maana sauti ilikuwa inaingia vile vile na ndani kulikuwa na joto. Othman alikuwa amesimama kwenye mstari anatazama viatu vyake. Kocha Ishak alikuwa anaitazama saa. Mpango wao ulikuwa unakwenda sawasawa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeonekana kuufurahia.

Mapumziko, Jamaldini alikaa peke yake mbali na benchi, akajimwagia maji kichwani. Rangi ya nywele ikamchirizika shingoni. Hafidha aliona, akasema moyoni, ewe Mola, watoe wote macho kwa dakika tano tu.

Upande wa Jalan kulikuwa na jambo jingine. Mzee mmoja mnene, mwenye bakora na kanzu nyeupe, aliteremka kwenye gari kwa shida, akamwita Firas, akamshika sikio. Hakulivuta kwa utani. Alizungumza naye kwa muda, bakora ikielekea kule alikokaa Jamaldini, na kijana akawa anatikisa kichwa, ndiyo baba, ndiyo baba.

Timu zikabadilishana malango, magari ya wanawake yakahamia nyuma ya lango la pili, na kipindi cha pili hakijachanganya, mpira ukamfikia Firas tena. Akaja. Jamaldini akajitengeneza, na safari hii hakuamkia mtu. Aliinama, magoti yakakunjwa kama yanavyopaswa kukunjwa, na Hafidha akayahisi yale magoti kwenye vidole vyake mwenyewe.

Firas alipofika mbele yake alisimama. Aliweka mguu juu ya mpira, akanyoosha mwili, akamwinamia Jamaldini, akambusu kichwani, hapo hapo penye maji na rangi.

"Ammi," alisema, "samahani. Sikukujua. Baba anakusalimu sana. Anasema enzi za ujana wenu alikukimbilia uwanjani miaka minane, na hakukupita hata mara moja. Anasema mimi kukupita bila ya ruhusa ni ukosefu wa adabu."

"Ruhusa ya nini?" aliuliza Jamaldini.

"Ya kukupita, ammi. Naomba ruhusa."

Uwanja mzima ulisimama. Zuhair wa Dima, aliyekuwa akijaribiwa siku hiyo hiyo, alikuwa karibu kiasi cha kuuchukua ule mpira kwa mguu mmoja, lakini nani anayempora mtu aliyeinama mbele ya mkubwa? Refa alikuwa na firimbi mdomoni na hakuipuliza. "Mpira! Chukueni mpira!" alipiga kelele Ishak, kisha naye akaona haya, akanyamaza.

"Kasema nini?" Bi Shadya alimvuta Hafidha mkono. "Yule kijana kamwambia nini mwanangu?"

Hafidha aliuona mguu wa kulia wa mumewe. Mpira ulikuwa pale, umbali wa kidole, na huyo mtoto alikuwa ametazama chini. Ule mguu ulianza kwenda. Ulisogea kidogo, Hafidha aliapa baadaye kwamba ulisogea, kisha ukarudi mahali pake.

"Rabbi yahfadhak," alisema Jamaldini, akimwombea Mungu amhifadhi. "Pita, baba." Akapiga hatua moja pembeni na kunyoosha mkono kulielekea lango, vile anavyowakaribisha wageni nyumbani kwake.

Firas akapita. Kipa naye alikuwa ameduwaa. Mpira uliingia kwa mwendo wa kutembea, na Firas hakushangilia. Magari yakaanza kupiga honi, ya huku na ya Jalan, na hata yule wa kofia ya njano alikuwa amesimama anapiga makofi. Jamaldini hakugeuka kutazama goli. Alikuja moja kwa moja nyuma ya lango, akafungua mlango wa gari, akaingia nyuma pamoja na Dalal.

"Twende," alisema.

"Mechi haijesha," alisema mamake.

"Yangu imekwisha, mama."

*

Mtu angedhani basi, mambo yamejimaliza. Lakini Dalal hakuwa peke yake aliyeshika simu siku ile. Kufika isha, ile picha ya kijana anayeomba ruhusa ya kumpita beki ilikuwa imefika Ibra, Sur na Nizwa, na shangazi wa Hafidha alipiga simu kutoka Maskati, analia kwa adabu ya watoto wa siku hizi. Na kesho yake baada ya magharibi, Othman, Ishak na Khalifa wakapiga hodi nyumbani kwa Jamaldini, na mfuko wenye fulana mpya ndani yake.

Hafidha aliwapelekea kahawa mpaka mlangoni, Dalal akaiingiza, na yeye akabaki nyuma ya pazia. Kwanza wakaulizana habari, kama inavyotakiwa. Habari zenu? Njema. Ulum gani, jipya lipi huko? Kheri tu. Mvua? Haijanyesha. Waliulizana habari za jamaa wote walio hai, na Hafidha akahisi angewapiga na dele. Mwishowe Othman akakohoa.

"Tumekuja kukusajili," alisema.

"Mimi mwenyewe nimebadilisha rai," alisema Ishak.

"Rai ipi?" aliuliza Jamaldini kwa upole. "Ile ya Ijumaa?"

Vikombe vikasimama. Hafidha akalishika pazia.

"Nani kakwambia habari za Ijumaa?" aliuliza Othman.

"Hakuna aliyeniambia. Mke wangu alitoka kwako ananukia iliki, akarudi hapa hasemi. Hafidha akinyamaza, ama mtu kafa ama mimi nimeachwa. Nikauliza, hapana aliyekufa."

"Na ule ukapteni uliokuwa ukiutangaza?" aliuliza tena Othman.

"Nilimwona kaja na chupa ya mafuta na neno mdomoni, linamsonga. Nikasema nimpumzishe." Jamaldini akanywa kahawa. "Nyinyi watatu mmemtwisha mwanamke mzigo wenu. Hilo nitakununieni nalo."

Nyuma ya pazia Hafidha alikaa chini, juu ya sakafu. Siku zote zile alidhani anamficha, kumbe alikuwa anafichwa yeye. Aliona haya, akaona raha, na vyote viwili vikamjia machoni.

"Tumekosa," alisema Othman. "Lakini hayo yamepita. Sasa unajulikana Sharqiyah nzima!"

"Fikiri, bwana," alisema Khalifa, na alikuwa amechangamka. "Hakuna mtoto atakayethubutu kukupita tena. Watoto wa Sur, wa Jalan, wote watasimama wakuombe ruhusa. Sisi tunataka kitu kimoja tu kutoka kwako."

"Kipi?"

"Uwanyime!"

Ishak alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hakuna kanuni inayokataza. Nimeuliza."

Jamaldini alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na wao wakacheka naye, wakidhani amekubali. Kisha akaurudisha ule mfuko mbele ya Othman, taratibu.

"Yule kijana alinibusu kichwa," alisema. "Mguu wangu ulitaka kumwibia mpira, shemegi. Uliondoka wenyewe. Nikijua kitu kimoja tu siku ile, basi nilijua kwamba nikiuchukua ule mpira sitamtazama tena Tamim usoni. Sasa nyinyi mnaniambia nisimame pale msimu mzima, watoto waniinamie, na mimi niseme hapana. Nitakuwa nani basi? Nitakuwa mzee anayeziba njia."

Khalifa alitazama kikombe chake, akakitikisa kuonyesha kwamba ametosheka, ingawa alikuwa hajanywa.

"Msajilini Zuhair," alisema Jamaldini. "Ana miguu. Akili atapata."

Walipokwenda zao aliingia ndani akamkuta Hafidha sakafuni nyuma ya pazia. Hakumuuliza anafanya nini hapo. Alimpa mkono ainuke, na kwa kuwa goti lake halikuwa tayari, walivutana kidogo, karibu waanguke wote wawili.

*

Alasiri ya mazoezi ya kwanza ya msimu, Jamaldini aliswali, akavaa dishdasha safi, akakaa barazani. Hewa ilikuwa tulivu, na firimbi ya Ishak ilisikika mpaka kwao. Kila ilipolia, Jamaldini alipepesa macho. Baadaye aliinuka akaingia jikoni, akasimama, akatazama makopo ya bizari, akaondoka bila ya kuyagusa. Hilo ndilo lililomtisha Hafidha.

Alikausha mikono, akachukua ufunguo wa gari. "Nipeleke."

"Wapi?"

"Uwanjani."

"Kufanya nini?"

"Siku ile sikutazama mpira. Nilitazama goti lako tu. Leo nataka kuutazama."

Wakaegesha pale pale nyuma ya lango, vioo nusu, baina yao kisosi cha mbegu. Jamaldini alishika usukani kwa mikono yote miwili, kana kwamba gari inatembea. Uwanjani timu ilikuwa imegawanyika, fulana nyekundu na fulana nyeupe, na Zuhair mrefu alikuwa amesimama mahali pa Jamaldini, anajishika kiuno.

Hafidha alimwona kijana mmoja wa fulana nyekundu akiupokea mpira na kutazama juu.

"Zuhair atapitwa," alisema. "Kushoto kwake."

Jamaldini hakuwahi kufungua mdomo. Kijana akateremka, akajifanya anakwenda kulia, akapita kushoto, na wavu ukatikisika. Jamaldini aliuachia usukani, akageuka na mwili mzima.

"Umejuaje?"

"Miaka ishirini unacheza mpira usingizini, mume wangu. 'Funga kushoto! Funga kushoto!' Na teke juu." Akamenya mbegu. "Mimi ndiye ninayelala kushoto."

Jamaldini alicheka, si kile kicheko cha kuwachekea mashabiki, ila kidogo, cha ndani ya gari. Akasogeza kisosi upande wake Hafidha, akakaa vizuri kwenye kiti, akakielekezea kidole kikosi cha nyekundu kilichokuwa kinaanza tena kutoka nyuma.

"Na sasa?" aliuliza. "Huu utakwenda wapi?"

"Ngoja," alisema Hafidha, macho uwanjani.

Jamaldini akangoja.